Bernstein na Swali la "Chagua Moja"

Kwa Kiswahili cha mjini, kondakta ni kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala, noti amezikunja katikati ya vidole, akipiga bodi kumwambia dereva twende. Mwambie mtu wa Kariakoo kwamba Leonard Bernstein alikuwa kondakta maarufu kuliko wote waliozaliwa Marekani, atakuuliza alikuwa ruti gani. Wapo wanaoandika "mwongoza okestra", lakini hilo ni neno la kwenye karatasi. Neno lililo midomoni mwa watu, kwa yule anayesimama mbele ya waimbaji na kupunga mikono, ni mwalimu wa kwaya.

Na mwalimu wa kwaya, kila aliyewahi kuimba anajua, hapungi mikono tu. Wa kwetu, enzi hizo nikiimba besi, alikuwa akija Jumatano na wimbo aliotunga mwenyewe, ameuandika kwa solfa kwenye karatasi ya daftari. Anawaimbia soprano sauti yao kwa kubana koo, anashuka kutuimbia sisi yetu, anarudi kwenye kinanda, halafu katikati ya mazoezi anasimamisha kila kitu na kutumia dakika 10 kueleza kwa nini alto wasiikimbilie ile fa. Jumapili ndipo anapunga mikono. Sijawahi kusikia mzee wa kanisa akimwambia: mwalimu, unajitawanya, chagua moja.

Bernstein aliambiwa hivyo kwa miaka 47, tangu jina lake lilipovuma akiwa na umri wa miaka 25 hadi alipofariki New York tarehe 14 Oktoba 1990. Wahakiki walimwambia, walimu wake walimwambia, na uzeeni akawa anajiambia mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la kijinga, na hasara kubwa katika kazi yake ilianza pale alipolikubali.

Swali hilo halikuwa la zamani sana hata huko Ulaya lilikotoka. Mendelssohn alitunga na kuiongoza okestra ya Leipzig. Mahler aliongoza opera ya Vienna msimu mzima, akatunga simfonia zake likizo za kiangazi. Karne ya 20 ndiyo iliyojenga ukuta: huyu anaandika, yule anaongoza, mwingine anafundisha, na wa Broadway, kule kwenye kumbi za tamthilia za New York, akae kwake. Bernstein alizaliwa ukuta ukiwa unapigwa lipu.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1918 huko Lawrence, Massachusetts, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka sehemu ambayo leo ni Ukraine. Baba yake, Samuel, alifanya biashara ya vifaa vya saluni. Piano iliingia nyumbani kijana akiwa na miaka 10, tena kwa bahati, maana shangazi yake Clara alikuwa anahama na akatafuta pa kuiweka. Samuel hakupenda. Kule alikotoka mpiga muziki alikuwa mtu wa kutoka harusi hii kwenda harusi ile, akilipwa chakula na vijisenti, na hofu ya namna hiyo nadhani wazazi wengi wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa. Baadaye, dunia nzima ikiwa inamjua mwanawe, aliulizwa kwa nini alimkatisha tamaa. Akajibu kwamba angejuaje kuwa atakuja kuwa Leonard Bernstein.

Kijana alimaliza Harvard mwaka 1939, akaenda chuo cha muziki cha Curtis mjini Philadelphia, na kiangazi cha 1940 akaingia shule ya Tanglewood chini ya Serge Koussevitzky, Mrusi aliyekuwa mkuu wa okestra ya Boston. Koussevitzky alimpenda kama mwana. Jina la mzee huyo tulishike, tutalirudia.

Tarehe 14 Novemba 1943 kila Mmarekani anayefuatilia muziki anaijua, hivyo nitaipita haraka. Bruno Walter, aliyetakiwa kuiongoza okestra ya New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie Hall, aliugua mafua makali. Bernstein, msaidizi wa miaka 25, aliyekuwa amekesha kwenye sherehe usiku uliotangulia, akaambiwa ni zamu yake alasiri hiyo. Mazoezi hakuna. Vazi rasmi hana, akapanda jukwaani na suti yake ya kijivu. Redio ya CBS ilikuwa inarusha matangazo nchi nzima, na kesho yake habari ikawa ukurasa wa mbele wa New York Times. Watu hupenda kuishia hapo, kama hadithi ya bahati. Mimi hunivutia zaidi kilichofuata.

Januari 1944 alizindua simfonia yake ya kwanza, Jeremiah, ambayo mwishoni inaimba maneno ya Maombolezo kwa Kiebrania. Aprili ikaja baleti ya mabaharia watatu wanaotafuta wasichana New York, Fancy Free, aliyoifanya na mtunzi wa dansi Jerome Robbins. Desemba wazo hilohilo la mabaharia likawa tamthilia ya muziki ya Broadway, On the Town. Nabii anayelilia Yerusalemu na mabaharia wanaokunywa bia, ndani ya mwaka mmoja, huku akizunguka kuongoza okestra za watu. Huyo ndiye anayedaiwa kwamba kushika mengi kulimnyima muda.

Koussevitzky alikwenda kuitazama On the Town, na baada ya pale akamkalisha kijana na kumgombeza kwa saa kadhaa. Mtu mwenye kipaji cha kusimama mbele ya okestra kubwa hachezi na mambo ya Broadway. Sasa angalia tarehe. Ukiacha nyimbo chache alizoandika kwa ajili ya mchezo wa Peter Pan mwaka 1950, Bernstein hakurudi Broadway na tamthilia nzima ya muziki hadi Wonderful Town ya Februari 1953. Koussevitzky alikuwa amefariki mwaka 1951. Sisemi mzee alikuwa adui. Alimpa mwanafunzi wake karibu kila kitu. Ila aliweka aibu mahali ambapo haikustahili kuwepo.

Ilipotoka West Side Story, tarehe 26 Septemba 1957, aibu hiyo kwa muda ilisahaulika. Hadithi ni ya Romeo na Juliet, imehamishiwa kwenye magenge ya vijana wa New York. Robbins, mwandishi Arthur Laurents na Bernstein walikuwa wamelizungumza wazo hilo tangu 1949, wakati huo likiwa la Wayahudi na Wakatoliki, kabla ya kuligeuza kuwa la wazungu na Wapuerto Rico. Maneno ya nyimbo yakaandikwa na kijana Stephen Sondheim. Ilionyeshwa mara 732 katika awamu ya kwanza, na filamu yake ya 1961 ikabeba Oscar 10.

Tuitazame kwa karibu kidogo, na waimbaji wa solfa watanielewa upesi. Imba, kwa sauti ya chini, do, fi, so. Do hadi fi ni hatua ambayo mwalimu wa kwaya anasita kumpa mwimbaji mgeni, kwa sababu sikio linataka fa au linataka so, na fi iko katikati inawasha. Wimbo wa "Maria" umejengwa juu ya hizo nota tatu. Silabi ya kwanza ya jina ni do, ya pili ni fi, inawasha, ya tatu inapoa kwenye so. Mapenzi ya kijana yule yote yamo humo. Sasa sikiliza "Cool", genge linapojizuia lisilipuke, utaikuta fi ileile imetiwa kwenye jazi. Sikiliza utangulizi wa ugomvi, ipo. Mwisho kabisa, maiti ikiondolewa jukwaani, akordi za juu ni tulivu, lakini chini besi inaigusa fi kama jino lisilopona. Hadhira haijui inafanyiwa nini. Inajua tu kwamba tangu mapazia yafunguke kuna kitu hakijakaa sawa.

Kazi kama hiyo haiandikwi na mtu anayejua karatasi peke yake. Sehemu kubwa ya West Side Story ni dansi bila maneno, na aliyeiandika alikuwa amekaa miaka 14 mbele ya wapiga ala, akiona tarumbeta inachoka wapi, wapiga ngoma wanapenda nini, mwili wa mtu unaitikiaje pigo lililocheleweshwa. Kuongoza kulilisha kutunga. Wanaosema kulikula muda wake wanahesabu masaa na kusahau kwamba mle ndani alikuwa anajifunza.

Chukua "America". Piga makofi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili. Mapigo sita, yanagawanywa kwa tatutatu, halafu papo hapo kwa mbilimbili. Aliyekulia na chakacha pwani hatahitaji ramani, mwili utakuwa umeshaelewa. Na hapohapo pana doa. Utangulizi wa wimbo Bernstein aliuandikia mdundo wa seis, ambao kweli ni wa Puerto Rico, lakini wimbo wenyewe aliuita huapango, ambao ni wa Mexico. Kwake zote zilikuwa za "huko kusini". Wapuerto Rico wamelalamika tangu 1957 kwamba jukwaa lile liliwachora kama watu wa visu na vurugu, waliochorwa na watu wasiowajua. Malalamiko hayo ni ya haki, na uzuri wa wimbo hauyafuti.

Mwaka uliofuata, 1958, akawa mkurugenzi wa muziki wa New York Philharmonic, wa kwanza mzaliwa wa Marekani. Hapo ndipo mwalimu wa kwaya alipata kwaya ya mamilioni.

Alikuwa ameshajaribu. Novemba 1954, katika kipindi cha televisheni kilichoitwa Omnibus, alichora ukurasa wa kwanza wa Simfonia ya Tano ya Beethoven kwenye sakafu nzima ya studio. Wanamuziki wakasimama juu ya nota, kila mmoja kwenye mstari wa ala yake. Halafu akaanza kuwaondoa. Wewe wa filimbi, Beethoven hakukutaka hapa mwanzo, kaa pembeni. Wa tarumbeta, pembeni. Wakabaki wapiga nyuzi na klarineti tu, na mtazamaji ambaye hajawahi kuona karatasi ya muziki akafahamu kwamba ule mlio wa pa-pa-pa-paam anaoujua ulikuwa uamuzi, na kwamba ungeweza kuwa vinginevyo. Kisha akapiga michoro ambayo Beethoven aliitupa, ili watu wasikie jinsi ingekuwa mbaya. Nimefundishwa na watu wengi katika maisha yangu. Wachache walifikiria kunionyesha kilichotupwa.

Kuanzia 18 Januari 1958 akawafanyia watoto vipindi vyake, Young People's Concerts, 53 kwa jumla hadi 1972. Cha kwanza kiliuliza muziki una maana gani. Aliwapigia kipande cha mtunzi Rossini, watoto wakapiga kelele kwamba ni wachunga ng'ombe wa sinema, kwa kuwa wimbo huo ulitumika kwenye kipindi walichokipenda. Akawajibu kwamba hakuna farasi humo, kuna nota. Hakulainisha sauti kama wanavyofanya wengi wakiongea na watoto. Januari 1963 aliwaletea mpiga piano wa miaka 16, André Watts, mama Mhungaria, baba mwanajeshi Mmarekani mweusi, akapiga muziki wa mtunzi Liszt mbele ya kamera za taifa. Wiki hizohizo mpiga piano mashuhuri Glenn Gould aliugua, Bernstein akamwita Watts kuziba nafasi. Mtu aliyetoka kwa mafua ya Bruno Walter alijua thamani ya nafasi ya namna hiyo. Marin Alsop, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa okestra kubwa ya Marekani, husimulia kwamba aliamua kazi yake akiwa mtoto, siku alipomwona Bernstein akiongoza.

Nisimpake mafuta kupita kiasi. Mwaka 1947 aliandika kwenye New York Times kuhusu milango iliyofungiwa wanamuziki weusi. Maneno mazuri. Ila okestra aliyoikuta, na akakaa nayo mpaka 1969, ilimwajiri mweusi wa kwanza wa kudumu, mpiga vayolini Sanford Allen, mwaka 1962, na Bernstein alipoondoka Allen alikuwa bado peke yake. Kumleta Watts kama mgeni wa jioni moja ilikuwa rahisi kuliko kubadili viti. Nyumbani nako alimwacha mkewe Felicia mwaka 1976 akaenda kuishi na mwanamume. Mwanamke huyo aliugua saratani, Bernstein akarudi, naye akafariki 1978. Filamu ya 2023 kumhusu, Maestro, imekaa sana hapo, sina la kuongeza.

Turudi kwenye swali. Mwaka 1969, akiwa na miaka 50, aliacha kiti cha New York ili, kwa maneno ya kila mtu, hatimaye apate muda wa kutunga. Wahakiki walikuwa wameshinda. Na hesabu ikawaje? Zilikuja Mass, ya kufungua ukumbi wa Kennedy Center mjini Washington mwaka 1971, yenye kurasa za kupendeza na nyingine za kukunja uso. Tamthilia kuhusu Ikulu ya Marekani iliyofungwa Broadway mwaka 1976 baada ya maonyesho 7. Opera A Quiet Place ya 1983, ambayo yeye na wenzake waliipasua na kuishona upya. Songfest ya 1977 ninaipenda kweli. Lakini weka miaka hiyo 21 ya uhuru kwenye mizani, kisha weka ile 14 ya kukimbia huku na huku, kutoka 1943 hadi 1957. Mizani inaanguka upande usiotarajiwa.

Utasema alizeeka, alivuta sigara bila kikomo, alikunywa, alifiwa. Kweli yote. Ndiyo maana jaribio bora ni jingine, la mapema, akiwa bado na nguvu. Msimu wa 1964 hadi 1965 alichukua likizo ndefu ya kutunga. Miezi ya kwanza aliitumia kwa tamthilia ya muziki iliyovunjika. Akajaribu kuandika muziki mgumu wa mtindo uliotawala vyuo wakati ule, ule usio na do ya kurudi nyumbani, akaandika kurasa nyingi na kuzitupa. Alikuwa na muda wote duniani, na kilichomtoka kilikuwa cha kuwaridhisha waliomwambia achague.

Kilichomwokoa ni barua ya kasisi. Walter Hussey, mkuu wa kanisa kuu la Chichester kusini mwa Uingereza, alimwomba wimbo kwa ajili ya tamasha la kwaya zao, akaongeza kwamba wengi wangefurahi kama ungekuwa na harufu kidogo ya West Side Story. Ghafla kukawa na waimbaji, kukawa na siku, kukawa na kanisa lenye mwangwi. Chichester Psalms, ya dakika 20 hivi, iliimbwa New York tarehe 15 Julai 1965 na Chichester tarehe 31. Zaburi za Kiebrania katika kanisa la Kianglikana, na sehemu kubwa imeshonwa kwa viraka kutoka kwenye tamthilia iliyovunjika.

Ya kwanza, Zaburi ya 100, mfanyieni Bwana shangwe, imewekwa kwenye mapigo saba. Jaribu kuyahesabu ukiimba, mguu mmoja hubaki hewani kila mara. Ya pili inaanza na mtoto wa kiume peke yake, kinubi pembeni, Zaburi ya 23. Wanawake wanampokea. Halafu wanaume wanaingia kama mawe kwenye bati, Mbona mataifa wanafanya ghasia, na wimbo wanaoutema ulikuwa wa magenge: Bernstein aliuandika kwa ajili ya West Side Story, ukakatwa kabla ya onyesho. Wanawake wanarudi na mchungaji wao, wanaimba juu ya ghasia ile bila kuijali, na wanaume chini yao hawanyamazi kabisa.

Mwishoni kabisa okestra inaacha. Kwaya inabaki peke yake, kwa sauti ya chini mno, na maneno ambayo kwa Kiswahili kila kwaya ya kwetu inayajua: Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja. Wanafika kwenye Amina kwa nota moja, wote. Juu yake tarumbeta moja iliyozibwa inakumbusha nota za mwanzo wa kazi nzima, kwa mbali, kama mtu anayepita nje ya kanisa.